Siagi ya keki: upime kwa mizani au kwa kikombe?

Mapishi ya Marekani huandika "kikombe 1 cha siagi", ya Uingereza huandika gramu. Kikombe cha Kimarekani kikijaa siagi ni gramu 227, nusu yake 113, na kijiko kikubwa kimoja ni kama gramu 14.

Kwa siagi iliyoyeyuka kikombe ni rahisi: unamimina, unasoma mstari, basi. Shida ni siagi ngumu. Hata ukiishindilia kwa kijiko, hewa hubaki chini na pembeni, nawe hujui umepunjika kiasi gani. Tena vikombe vyenyewe havilingani: cha Marekani ni mililita 237 hivi, cha Australia 250. Cha chai cha nyumbani usikiamini kabisa.

Mizani haina hayo. Weka bakuli, rudisha sifuri, katia siagi mpaka isome 113. Iwe ngumu au laini, gramu ni zilezile. Kwa keki na biskuti mimi sipimi tena kwa kikombe.

Huna mizani? Pakiti ya gramu 250 igawe kwa kisu: nusu ni 125, robo ni 62 na ushei. Kwa kukaangia vitunguu, kijiko kinatosha.