Gari dogo la otomatiki Lubumbashi: bwati ipi ununue, na garanti ipi ina maana

Anayetafuta gari dogo Lubumbashi huuliza bei, huuliza injini, huuliza kama duwane (ushuru wa forodha) imelipwa yote. Bwati, yaani sanduku la gia, huulizwa mwisho, na jibu ni lile lile: "Papa, hii ni otomatiki, haina shida." Lakini chini ya neno otomatiki kuna mashine za aina tano zisizofanana, na baadhi yake zikiharibika hula pesa inayokaribia bei ya gari lenyewe.

Katika kuzipanga hapa tumefuata kipimo kimoja. Kadiri bwati inavyokuwa ngeni kwa mafundi wa mji huu, ndivyo garanti iliyoandikwa inavyokuwa ya lazima, tena garanti yenye karakana Lubumbashi. Bwati ambayo fundi wa Katuba au Ruashi anaishusha, anaifungua na kupata piesi (vipuri) zake siku hiyo hiyo, hiyo unaweza kuinunua hata bila garanti.

Jua kwanza kilichomo

Herufi P, R, N na D kwenye mkono wa gia hazikuambii kitu, kwa sababu karibu otomatiki zote zinazo. Kwenye Toyota, fungua boneti utafute kibati cha chuma chenye namba ya chasi. Katika kibati hicho kuna pia msimbo wa bwati. Ukianza na U au A, kama U340E, ni otomatiki ya kawaida yenye gia. Ukianza na K, kama K310, ni CVT, ile inayoendeshwa na mkanda wa chuma. P, kama P510 ya Toyota Aqua, ni haibridi, yaani gari la injini pamoja na mota ya umeme, na C ni gia za mkono.

Kibati hiki kina kazi kubwa kuliko unavyodhani. Toyota IST ya 2002 hadi 2007 ina otomatiki ya gia 4. IST ya umbo la pili, iliyotoka 2007, ile ya injini ya 1.5 inayovuta kwa magurudumu ya mbele ina CVT. Muuzaji ataziita zote mbili "IST otomatiki", na huenda yeye mwenyewe hajui tofauti.

1. Otomatiki ya kawaida ya gia 4

Kwa gari lililotumika, hii ndiyo ya kwanza, na inaiacha ya pili mbali. IST ya zamani, Platz, na Corolla za 2000 hadi 2006 zenye injini ya 1.3 au 1.5 zimejaa humu. Inakunywa mafuta zaidi kidogo, na ukiwa barabara ya Likasi kwa kilomita 100 kwa saa injini inalia juu kwa sababu gia ni 4 tu. Hayo yanavumilika. Mazda Demio ya kuanzia 2014 yenye gia 6 iko katika ukoo huu pia na ni laini zaidi, ila piesi zake si za kuokota kila kona.

U340E hutumia mafuta ya bwati yanayoitwa T-IV. Ukifungua boliti ya chini hutoka litre 3 hivi, wakati bwati nzima ina karibu 7. Kwa hiyo vidanji moja (kumwaga mafuta na kutia mapya) huacha zaidi ya nusu ya mafuta ya zamani ndani. Kwa gari lililofika juzi, fanya vidanji, tembea kilomita mia chache, rudia, kisha mara ya tatu. Usikubali mashine ya kusukuma mafuta yote kwa nguvu kama yaliyomo yamekuwa meusi: uchafu uliotulia huamka na kuziba njia nyembamba za valvu.

Gari nyingi zinazofika hapa zimeshushwa Dar es Salaam na kuendeshwa karibu kilomita 2,000 kupitia Tunduma na Zambia hadi Kasumbalesa, na dereva wa safari hiyo halipwi kwa kuwa mpole. Hesabu mafuta ya bwati kuwa yamekwisha, hata kama odometa inaonyesha kilomita 60,000.

Sasa radiata, maana hapo ndipo otomatiki nzuri hufia. Ndani ya radiata kuna kipoza cha mafuta ya bwati, kilichozamishwa katika maji yale yale ya injini. Watu wakijaza maji ya bomba mwaka baada ya mwaka badala ya maji maalum ya radiata yenye dawa ya kuzuia kutu, kutu hutoboa kipoza na maji huingia kwenye mafuta ya bwati. Ukichomoa kijiti cha kupimia utaona kitu cha rangi ya waridi kizito kama yogati. Hapo funga boneti, mshukuru muuzaji, uondoke. Maji hulegeza gundi ya bitana za klachi zilizomo ndani, kwa hiyo vidanji haitaokoa kitu, hata akupunguzie dola mia tatu.

2. Gari jipya lenye gia za mkono zinazojibadili

Hii ni bwati ya kawaida ya mkono iliyowekewa mota ya kubonyeza klachi na kubadili gia. Renault Kwid na Suzuki Celerio wameiuza hivyo. Ni nafuu na haimalizi mafuta. Ubaya wake ni kutikisika kila ikibadili gia, na kurudi nyuma ukiondoka mlimani. Kwa bahati Lubumbashi ni tambarare. Tatizo liko kwenye garanti: klachi huhesabiwa kuwa kitu cha kuchakaa, kama breki. Ikiisha kwa kusogea hatua kwa hatua katika foleni, ni mfuko wako. Mota na kompyuta yake ndivyo vinavyolipiwa, kwa hiyo nunua mpya tu. Iliyotumika haiwezi kushindana na namba moja. Na ikiwa wakala anauza gari dogo jipya lenye otomatiki ya kawaida ya gia 4, kama Toyota Starlet iliyoanza kuuzwa Afrika 2020, ongeza pesa uchukue hiyo.

3. CVT ya Toyota

Mkanda wa chuma unazunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana. Ni tamu kuendesha na inabana mafuta. Inataka mafuta yake tu, TC kwa za zamani na FE kwa za baadaye, yabadilishwe kila kilomita 40,000 kwa joto na vumbi letu. Mtu akitia T-IV "kwa sababu zote ni nyekundu", mkanda unateleza, puli zinapata mikwaruzo, na mikwaruzo haitengenezwi. Nunua ikiwa una uhakika wa mafuta hayo.

4. Haibridi kama Aqua

Bwati yenyewe ni imara, haina mkanda wala klachi za kubadili gia. Unachonunua kwa kweli ni afya ya betri kubwa, na hilo linataka fundi mwenye kompyuta. Bila yeye, pita.

5. CVT za Nissan na Honda za miaka ya 2000

Aina ni ile ile ya namba 3, lakini Honda Fit ya kwanza hutetemeka inapoondoka kwa sababu ya klachi yake ya kuanzia. Mara nyingine mafuta yake halisi hupunguza hilo, mara nyingine hapana. Kwa Nissan, ushahidi umetoka kwa Nissan mwenyewe: huko Marekani aliongeza garanti ya CVT za magari ya 2003 hadi 2010 ikafika miaka 10 au maili 120,000. Kampuni haiongezi garanti ya kitu kisichosumbua. Na nyongeza hiyo ilikuwa ya wateja wa huko, haimfuati anayenunua Lubumbashi.

6. Klachi mbili kavu

Hizi ni bwati zenye klachi mbili zinazopokezana gia, zisizooga kwenye mafuta: Volkswagen ya DSG yenye gia 7, Ford Fiesta ya PowerShift ya 2011 hadi 2016, na Honda Fit haibridi ya 2013, ambayo kampuni iliita irudishwe kurekebishwa mara tano katika muda wa karibu mwaka mmoja. Volkswagen alifikisha garanti ya bwati hiyo miaka 10 au kilomita 160,000 nchini China. Bila garanti inayolipwa hapa, usiichukue hata kwa bei ya kutupa.

Kujaribu barabarani

Fika injini ikiwa baridi, na umwambie muuzaji mapema asiiwashe. Kanyaga breki, toa P uweke D: gia ishike ndani ya sekunde 2 bila kishindo. Fanya vile vile kwa R. Endesha angalau nusu saa, kwa sababu bwati mbovu nyingi huwa njema zikiwa baridi. Angalia mzunguko wa injini: ukipanda na mwendo haupandi, klachi au mkanda unateleza. Taa ya O/D OFF ikipepesa kwenye Toyota ya gia 4, kompyuta imehifadhi hitilafu. Ukirudi, injini ikiwa moto na inaunguruma, pitisha mkono wa gia sehemu zote, rudisha P, kisha pima kijiti kwenye alama ya moto. Rangi nyekundu ni nzuri. Kahawia yenye harufu ya kuungua ni klachi zilizoisha.

Garanti kwenye karatasi

Garanti ya gari jipya mara nyingi ni miaka 3 au kilomita 100,000, kinachotangulia. Teksi inayotembea kilomita 200 kwa siku inaimaliza kwa siku 500. Uliza mambo matatu kabla ya kulipa: je, matumizi ya teksi yanakubaliwa, je, bwati na kompyuta yake vimetajwa kwa jina, je, kazi inafanyika Lubumbashi au gari linapelekwa Kinshasa kwa gharama ya nani. Kila vidanji ipigwe muhuri kwenye kitabu cha gari. Muhuri mmoja ukikosekana, wakala amepata sababu.

Gari lililotoka Japani halina garanti ya kiwanda hapa. Sheria ya mikataba ya Kongo ya 30 Julai 1888 inamtaka muuzaji ajibu kwa kasoro zilizofichika, lakini mikataba mingi ya mtaani huandikwa "limeuzwa kama lilivyo", na mnunuzi hutakiwa kulalamika upesi. Basi andikeni wenyewe: namba ya chasi, msimbo wa bwati, kilomita za siku hiyo, siku 30, na kwamba bwati ikiteleza au kukataa gia muuzaji atalipa nusu ya matengenezo au kurudisha pesa. Shahidi wawili, sahihi, nakala mbili. Muuzaji akikataa hata siku 7, rudisha ofa yako chini kwa gharama ya bwati nyingine iliyotumika pamoja na kazi ya kuifunga, kwa sababu hatari hiyo sasa ni yako.

Na gari likikwama njiani, lipakizwe kwenye lori au magurudumu ya mbele yainuliwe. Ukilivuta kwa kamba kutoka Likasi magurudumu ya mbele yakiwa chini, pampu ya bwati haisukumi mafuta injini ikiwa imezimwa, na utafika Lubumbashi na bwati kavu ambayo hakuna garanti itakayoilipa.