Kitambua metali cha bei ya chini: miezi mitatu katika viwanja na fukwe za Bagamoyo

Kwa miezi mitatu nimekuwa nikitumia hapa Bagamoyo kitambua metali cha bei ya chini nilichokinunua Dar es Salaam kwa shilingi 480,000. Mtaani kwetu wanakiita mashine ya rupia, fedha ya enzi za Mjerumani, na jina hilo linaonyesha wazi matarajio ya wengi: kwamba ukikipitisha juu ya ardhi kitakuonyesha mahali Mjerumani alipofukia mali. Hakifanyi hivyo, na muuzaji anayekuambia kwamba kinaona dhahabu iliyo mita tatu chini ya ardhi anakudanganya. Koili, yaani waya uliozungushwa, iliyo chini ya mpini hutoa uga wa sumaku unaobadilika maelfu ya mara kwa sekunde, metali iliyo ardhini huitikia kwa mkondo mdogo wa umeme, na kifaa huupa mwitikio huo namba kwenye kioo. Namba hiyo hutokana na jinsi metali inavyopitisha umeme, pamoja na ukubwa na umbo lake. Umri na thamani havimo.

Nilianzia katika uwanja wa shangazi yangu Magomeni, kwa ruhusa yake, upande wa mwembe ambako yeye mwenyewe alinielekeza. "Hapo, mwanangu, bibi yako alikuwa akiuza vitumbua," aliniambia, na nikaona hakuna ramani iliyo bora kuliko hiyo, kwa sababu penye biashara ndipo sarafu huanguka. Siku mbili za mwanzo nilichimbua misumari, vizibo vya soda na vipande vya bati. Siku ya tatu mlio ulikuwa mmoja, safi, usiobadilika hata nilipogeuka na kupitisha koili kutoka upande mwingine. Nilichimba kwa mwiko wa mwashi, na kwenye kina kisichofika shubiri nikapata heller 1 ya shaba, sarafu ndogo ya enzi za Mjerumani, ya kijani kwa kutu, taji likionekana kwa mbali chini ya udongo.

Sarafu ya pili ndiyo iliyonifunza kasoro kubwa ya kifaa hiki. Kina mpangilio uliowekwa kiwandani unaoitwa wa sarafu, ambao hunyamazisha metali zinazosomeka kama takataka, na nilikuwa nimepita mahali pale mara mbili bila kusikia chochote. Nilipouzima mpangilio huo nikasikia mlio hafifu, na namba iliyotokea ilikuwa ileile iliyokuwa ikiniletea karatasi za pakiti za sigara. Nilichimba kwa ubishi tu, nikatoa heller 10 yenye tundu katikati. Sarafu hizo zenye tundu, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1908, ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, nao hupitisha umeme vibaya kuliko shaba tupu au fedha. Kwa hiyo mtu wa pwani yetu anayeutegemea mpangilio wa kiwandani anaziacha ardhini, na kijitabu kinachokuja na kifaa hakisemi neno juu ya jambo hilo. Ushauri wangu ni kuzima kichujio chote isipokuwa cha chuma, na kukubali kuchimba takataka nyingi.

Ufukweni hali ni ya namna mbili. Kwenye mchanga mkavu, juu ya mstari wa maji ya bamvua, kinafanya kazi vizuri, na nilimpatia jirani pete yake ya ndoa baada ya nusu saa. Maji yanapokupwa na ukashuka kwenye mchanga uliolowa, kinapiga kelele mfululizo, kwa sababu maji ya chumvi nayo hupitisha umeme. Kupunguza usikivu kunatuliza kelele lakini kunaondoa kina pia. Vifaa vinavyotumia masafa mengi ya mawimbi kwa pamoja hulimudu jambo hili vizuri zaidi, ila bei yake ni ya juu mno. Tundu la vipokea sauti lililegea mwezi wa pili. Nililitia risasi kwa fundi redio.

Sarafu ya tatu ni paisa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar yenye picha ya mizani, ya mwaka 1299 Hijria, yaani karibu na 1882. Niliikuta imekaa wima kwenye ukuta wa shimo, na nilijizuia kuisugua. Naomba sana wenzangu wafanye vivyo hivyo: ndimu na mchanga hung'arisha shaba kwa dakika moja na kufuta maandishi yaliyodumu zaidi ya karne.

Kaole, kwenye magofu ya kale karibu na Bagamoyo, sikukipeleka, wala sitakipeleka. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na kuvichimbua bila kibali ni kosa. Kwenye magofu, sarafu inayong'olewa kutoka kwenye tabaka lake haiwezi tena kumwambia mtafiti ukuta ulio juu yake ulijengwa lini. Yeyote atakayenunua kifaa hiki akitamani kuzunguka nacho usiku kando ya msikiti ule wa kale, namsihi asikinunue. Mwenye uwanja wa familia, ruhusa ya wazee na subira ya kuchimbua vizibo, akinunue bila wasiwasi.

Sarafu zangu zote tatu ziko kwa shangazi, katika kikebe cha hina, maana ardhi ni yake.