Ukuta wa mawe ndani ya akwaria kubwa: ununue nini, uache nini

Mbuna wa Ziwa Nyasa ni samaki wa miambani, na hiyo ndiyo maana ya jina lao katika lugha ya Watonga wa upande wa Malawi. Ukiwafuga bila mapango, dume mmoja hulitawala tangi zima na wanyonge huumizwa mpaka kufa pembeni. Kwao ukuta wa mawe ni makazi. Hapa tunapanga njia nne za kuujenga, kuanzia bora hadi ya mwisho, kwa tangi la sentimita 150 kwa 50 lenye kimo cha 60. Wanaofuga Tropheus au Julidochromis wa Ziwa Tanganyika wanaweza kutumia mpangilio huohuo.

Ya kwanza: stairofomu iliyopakwa saruji

Stairofomu ni ile nyeupe inayozunguka televisheni mpya ndani ya boksi. Inakatika kwa kisu cha jikoni, unaichonga mapango ya kina unachotaka, na haikiongezei kioo cha chini mzigo. Tunaipa nafasi ya kwanza kwa sharti moja: uwe na wiki sita hadi nane za kusubiri kabla ya samaki. Kama huna, ruka hadi njia ya pili.

Manunuzi ya tangi hili ni haya:

- Mabamba ya stairofomu ya unene wa sentimita 5, yanayotosha kufunika kioo cha nyuma mara mbili. Bamba la kwanza ni msingi, la pili linachongwa kuwa miamba.
- Silikoni mirija 5 ya mililita 300. Mitatu ni ya kubandika ukuta kwenye kioo, miwili ya kuunganisha vipande.
- Saruji ya kawaida kilo 15. Mfuko wa kilo 50 ni mwingi mno, hivyo tafuta duka la hadiwea linalopima kwa kilo.
- Mchanga laini uliochekechwa na kuoshwa, kilo 5.
- Rangi ya unga ya saruji, nyeusi na ya udongo, gramu 50 kwa kila kilo ya saruji. Iwe ile ya oksidi ya chuma inayotiwa kwenye sakafu. Rangi ya mafuta usiiguse.

Usibanie pesa kwenye silikoni. Chukua silikoni tupu inayonuka siki, na usome mrija vizuri: ikiandikwa kwamba inazuia kuvu, ni ya bafuni na dawa yake inaua samaki. Fundi aluminiamu wengi hubeba aina zote mbili, kwa hiyo usipokee mrija ulioanza kutumika bila kuona maandishi yake. Gundi zenye thina au petroli nazo hazifai, kwani huyeyusha stairofomu papo hapo.

Wengi huharibu kazi kwa kusahau kwamba stairofomu inaelea. Ukuta wa sentimita 148 kwa 55, wenye unene wa wastani wa sentimita 6, una ujazo wa karibu lita 49. Ukizama, maji yanausukuma juu kwa nguvu ya kilo 48 hivi. Saruji ya milimita 5 ina uzito wa kama kilo 12, lakini ndani ya maji inapunguza msukumo huo kwa kilo 6 tu. Kwa hiyo zaidi ya kilo 40 zinabaki zikivuta gundi usiku na mchana. Ukuta ukibandikwa kwa madoa machache unaweza kukaa miezi kisha ukachomoka siku moja, ukapinda vioo vya juu na kumwaga mchanga kila mahali.

Kwa sababu hiyo, ugawe ukuta paneli tatu zinazopita chini ya vioo vya kukaza mdomo wa tangi. Upande wa nyuma wa paneli usipakwe saruji, maana silikoni ikishika vumbi la saruji haikushika kitu. Safisha kioo kwa spiriti, kisha vuta mstari mnene wa silikoni kuzunguka kingo zote na mistari ya kukatiza katikati. Tangi likilazwa chali kazi ni rahisi zaidi, na chupa za maji zinatosha kukandamiza. Subiri siku 7. Silikoni hukauka kwa unyevu wa hewa, na nyuma ya paneli hewa ni haba.

Saruji ipakwe kwanza, paneli zikiwa nje ya tangi. Koti la kwanza ni saruji na maji tu, jepesi kama uji wa kunywa, ili liingie kwenye vitundu. La pili na la tatu yawe mazito zaidi, na la nne lichanganywe na mchanga, kiasi sawa kwa sawa, pamoja na rangi. Kati ya koti na koti acha saa 24, funika kwa nailoni na nyunyiza maji mara tatu kwa siku. Saruji iliyokaushwa juani hupasuka na kubanduka kama ganda la yai.

Baada ya kubandika, jaza maji bila samaki na uyabadilishe kila siku 3. Saruji mpya hutoa chokaa na inaweza kupandisha pH (kipimo cha uchachu wa maji) kupita 10, ilhali mbuna wanaridhika na 7.8 hadi 8.6. Kupima ni rahisi: acha maji ya bomba saa 24 ndani ya tangi, na mengine yaleyale kwenye ndoo. Tofauti ya pH ikiisha, ukuta umeiva. Kwa kawaida huchukua wiki tatu hadi sita.

Ya pili: mawe halisi

Haya ndiyo chaguo la mwenye haraka, na la mpangaji anayehama kila mwaka. Kilo 100 za granaiti, kama zile za Mwanza, hula lita 38 tu za maji. Dondoshea siki kwanza: jiwe likitoa povu lina chokaa, jambo linalowafaa samaki wa Nyasa na Tanganyika lakini si wale wa maji laini, yaani yenye chokaa kidogo. Mawe ya Mazeras, Kenya, na matofali ya matumbawe ya pwani yapimwe vivyo hivyo. Matumbawe hai yaache baharini. Jiwe lenye mishipa inayong'aa kama chuma liache pia.

Mawe yakae juu ya bamba la stairofomu la sentimita 2, na mchanga uje baadaye. Ukipanga juu ya mchanga, mbuna watachimba chini yake na mnara mzima utaangukia kioo. Mawe matatu ya chini kabisa yagandishwe kwa silikoni.

Ya tatu: paneli za kiwandani

Juwel ya Ujerumani na Back to Nature ya Sweden hutengeneza paneli za poliyurethani (aina ya plastiki) zenye sura nzuri, zisizohitaji wiki za kulowekwa. Tunazishusha kwa sababu mapango yake ni machache, na kuziagiza kutoka Ulaya ni gharama. Nazo huelea, hivyo kanuni ya silikoni haibadiliki.

Ya mwisho: povu la kopo pekee

Ni lile povu linalopulizwa kuziba nyufa kisha likagumu. Linavimba ovyo, linafanana na uji uliofurika, na ukinyunyizia tabaka nene kuliko sentimita 3 katikati hubaki bichi. Nunua kopo moja la kuziba mianya, usijengee ukuta.

Nyuma ya ukuta

Njia yoyote utakayochagua, mwanya wa sentimita 1 au 2 kati ya ukuta na kioo ni mtego. Samaki mdogo huingia, hukwama, huoza, na humwoni mpaka maji yanuke. Ziba mwanya kabisa, au uache nafasi ya sentimita 5 na zaidi ambamo samaki anaweza kugeuka. Ukitenga chumba cha pembeni cha pampu na hita nyuma ya ukuta, kiwe wazi juu ili mkono uingie. Kwa pampu ya lita 2,000 kwa saa, matundu ya kuingizia maji chumbani yawe na jumla ya sentimita za mraba 110 au zaidi, yafunikwe wavu, na yasafishwe kila wiki. Yakiziba, maji ya chumbani huisha na pampu huungua.