TAHADHARI: Kamera za mkanda zinazouzwa Moshi na Arusha kwa maneno "inaingia kompyuta yoyote"

Ndugu zangu, hasa nyie mnaojitafutia riziki kwa kushuti kipaimara na send-off, someni hii kabla hamjatoa hela.

Wiki iliyopita nilinunua kamera ya video iliyotumika kwa kijana mmoja hapa Moshi, tulikutana karibu na stendi. Alitaka laki tatu na themanini, tukapatana laki tatu na nusu. Ni ya mkanda mdogo, MiniDV. Nikamuuliza mara mbili: inaingia kwenye laptop? Akachomeka waya wa USB kwenye laptop yangu mwenyewe, folda ikafunguka, picha zikajaa. Nikalipa. Nilipomwambia turekodi dakika moja tuihamishe, akasema betri inaisha, na mimi nikakubali!

Kumbe zile ni picha za mnato tu, zinakaa kwenye kadi ndogo ubavuni mwa kamera. Video iko kwenye mkanda, na kamera nyingi za aina hii haziitoi kwa USB kwa ubora wake. Inatokea tundu jingine dogo la pini 4, limeandikwa DV au i.LINK; mafundi wanaliita FireWire. Laptop za siku hizi hazina tundu hilo. Igeuze yako uangalie kama unabisha.

Nilipompigia hakukana. "Kaka, kuna waya wa kubadilisha, elfu ishirini na tano tu." Nikatuma tena. Waya wenyewe ni FireWire upande huu, USB upande ule, katikati nyaya tupu. Mifumo hiyo miwili haielewani kwa kuunganishwa nyaya tu, na kompyuta haikustuka hata kidogo. Wenye kompyuta ya mezani wana nafuu, wanaweza kupachika kadi ya FireWire ndani. Hata hapo, mkanda wa saa moja unavutwa kwa saa moja nzima na kula kama GB 13 za diski.

Kwa hiyo ukienda kununua, beba kompyuta utakayofanyia kazi. Rekodi kipande kipya hapohapo, kihamishe, chomoa waya, kisha kicheze. Ikiwezekana tafuta inayorekodi kwenye kadi ya SD, unachomoa kadi tu. Ila nazo zijaribu: mafaili ya AVCHD (aina ya video ambayo nyingi za kadi hurekodi) yanakwamakwama kwenye mashine za zamani. Na dai risiti. Mimi nilipewa kikaratasi cha daftari.

Kipaimara nimeazima kamera kwa jirani, maana kianzio cha mteja nilishakula.

Namba ya yule kijana sasa haipatikani. Ila jana nimekutana na tangazo kwenye grupu moja la WhatsApp la Arusha: namba nyingine, picha ileile ya kamera juu ya zulia jekundu, na bei imepanda hadi laki nne.