The Call ya Peadar Ó Guilín: majini wa Ayalandi wanacheka huku wanakuua

Nilikiokota pale Posta kwa wale jamaa wanaopanga vitabu chini, elfu saba baada ya kubishana mpaka jua likanichoma utosi, na sikuwahi hata kumsikia huyu mwandishi, jalada tu ndo lilinivuta. Kopi yenyewe imeshapita mikono mingi, kurasa mbili za katikati ziligandana na kitu nadhani ni juisi ikabidi nizibandue kwa ukucha taratibu na bado nikapoteza mistari minne mitano. Haya, mitumba ndo ilivyo. Kilichomo ndani ndo kimenitesa wiki nzima.

Ni riwaya ya vijana, imetoka 2016. Stori iko hivi: kisiwa cha Ayalandi kimetengwa na dunia miaka 25, hakuna ndege hakuna meli, na kila mtoto akishafika umri wa kubalehe anaishi akisubiri siku yake. Siku ikifika unaitwa, yaani unapotea hapo hapo ulipo, uwe unakula uwe upo darasani, nguo zinaanguka chini tupu. Wenzako wanaanza kuhesabu. Dakika 3 na sekunde 4, hiyo namba utaiota, nakwambia. Zikiisha unarudi, ukiwa mzima au maiti au umefinyangwa kama udongo ukawa kitu ambacho hata mama mzazi hawezi kukiangalia mara mbili. Na kule ulikokuwa sio dakika tatu bwana, kule ni siku nzima unakimbizwa kama digidigi. Kati ya vijana 10 anarudi hai mmoja.

Wanaokimbiza wanaitwa Sídhe, tamka "shii" tu usihangaike na herufi zilizobaki. Sasa hapa ndo nikaona huyu bwana anajua kwao. Sisi tumezoeshwa na katuni vile vidada vidogo vyenye mabawa na kijiti kinachong'aa, wakati Waayalandi wenyewe hawakuwa na hiyo habari. Neno lenyewe lilianza kama jina la vilima vya kale ambavyo hao viumbe wanakaa chini yake, na wazee wa huko hawawataji ovyo, wanawaita "watu wema" ili wasiwaudhi, kama bibi alivyokuwa akitukataza kutaja nyoka usiku, sema kamba. Na sio mambo ya zamani tu, 1999 kuna mtambaji wa hadithi anaitwa Eddie Lenihan alipiga kelele kutetea kichaka kimoja cha miiba kule Latoon, jimbo la Clare, kisa barabara kuu mpya ilikuwa inapita juu yake na kichaka ni cha hao watu, na kichaka kikaachwa, barabara ikakikwepa. Anayecheka aende kwanza akakate mbuyu wa kwao halafu arudi tuongee.

Kitabu kinajengwa juu ya masimulizi ya kale, yale ya Lebor Gabála Érenn, mkusanyo wa karne ya 11 unaoeleza nani alitua Ayalandi baada ya nani. Waliokuwa na nchi wakati huo, Tuatha Dé Danann (ndo hao hao Sídhe), walipigwa na wageni waliokuja na meli, na masimulizi yanasema nchi ikagawanywa, wageni wakapewa juu, wao wakapewa chini. Ukisoma hivyo wizi unauona kabisa. Ó Guilín anauliza, hao wa chini wakianza kudai chao itakuwaje? Amewapa nchi ya kijivu isiyo na rangi hata moja, na wamekaa huko maelfu ya miaka na kinyongo. Kinachotisha hata sio ukatili, ni kwamba wana furaha! Wazuri, wacheshi, wakikukamata wanakusifia ulivyokimbia vizuri. Na ahadi hawavunji kamwe, wakikuahidi kitu kitakuwa, ndo maana kuongea nao ni hatari kuliko kuwakimbia. Kuna mbwa wao wa kuwindia, niliposhtukia wale mbwa wametengenezwa na nini nikafunga kitabu nikaenda kukaa sebuleni na watu.

Halafu ndo anakuja Nessa, msichana wa Donegal, miguu imepinda kwa polio. Maana kisiwa kikifungwa na chanjo hazifiki, hicho kitu kidogo kimenigusa kuliko mambo yote ya kichawi, sisi ambao tulipangwa mstari tukadondoshewa matone mdomoni tukaona kawaida tu. Sasa mchezo wote ni mbio na yeye kukimbia hawezi. Walimu wameshamhesabu kwenye wafu, wenzake wanamwonea huruma ya kukera, na yeye kila siku anajifunza kukata matawi haraka haraka ajitengenezee magongo maana ukipelekwa kule huendi na chochote, hata chupi. Mwandishi hampi muujiza wa kupona. Hicho nimekipenda mno.

Malalamiko ninayo. Mapenzi yake na Anto (mvulana mchekeshaji, hali nyama) yako sawa ila yanaburuza, anamkataa sura nzima halafu anamuwaza sura nzima. Conor na genge lake la wababe wa shule nimeshawaona kwenye kila muvi ya shule. Na wanafunzi wengine unaletewa, unaambiwa anapenda hiki anachukia kile, kurasa tatu mbele ameitwa, kwisha habari yake. Mwanzo iliniuma, baadaye nikawa nasoma jina jipya nasema huyu naye asizoeleke. Labda ndo alitaka tujisikie hivyo hivyo kama wale watoto, ila majina yenyewe ya Kiayalandi yanachanganya, nilikuwa narudi nyuma kuangalia huyu ni nani vile.

Kiingereza chake chepesi, sura fupi fupi, aliyemaliza fomu two anakisoma bila kamusi. Ila msimpe mtoto wa darasa la sita kisa kimeandikwa cha vijana, kuna ngozi za watu humu, sitanii. Nyota nne kati ya tano. Mwendelezo unaitwa The Invasion, wa 2018, nimeshamwachia namba yule muuzaji akiuona anipigie, na safari hii nitafungua kurasa zote moja moja kabla sijatoa hela.