Stata ya sanduku kwa gari la nitro: kwa baridi ya Mbeya, kamba siitaki

Wenye magari ya rimoti ya nitro (yale yenye injini ndogo ya mafuta ya nitro) hapa Mbeya, kamba ya kuvuta ya kuwashia injini ina sifa mbili: nyepesi, na haitaki betri. Basi. Asubuhi ya Juni kule Uyole injini mpya inabana pistoni ikifika juu, unavuta mpaka bega linauma. Mafuta yakijaa ndani ndiyo kabisa, ukilazimisha kamba inakatika. Hapo fungua plagi, zungusha injini mafuta yatoke, ndipo uanze upya.

Mimi natumia stata ya sanduku. Unaweka gari juu, unalikandamiza kidogo, gurudumu la mpira la sanduku linagusa flaiwili (gurudumu zito la injini) kupitia tundu la chini ya chasisi, injini inalia. Betri yangu ni ya voti 12, ya pikipiki, nimeinunua Mwanjelwa. Ubaya wake ni uzito, na usipopanga vizuri vile vishikio vya chasisi, gurudumu linasugua pembeni na kulika haraka. Gari likizima katikati ya uwanja, utalifuata kwa miguu ulirudishe kwenye sanduku, pole.

Stata ile ya mkononi inayofanana na drili ni nzuri pia, ila injini yako lazima iwe na tundu lake kwa nyuma.

Halafu chaji kile kifaa cha kupasha plagi! Wengi wanailaumu stata bure. Na sindano ya kabureta (skrubu ya kupimia mafuta) iliyopangwa Dar, huku kwenye mita 1,700 hivi hewa ni nyepesi, itamwaga mafuta mengi mno. Ikaze kidogo kidogo, injini ikishapata moto.