Nililipa 75,000 kufundishwa kumwandikia mteja asiyenijua

Natengeneza sabuni ya maji nyumbani, Mbezi, Dar es Salaam. Mapipa mawili uani, mdogo wangu anakoroga, mimi natafuta wateja. Wa rejareja hawanipi shida, mtaa mzima unakuja na chupa zake. Shida ni wale wa madumu: lodge, migahawa, zahanati, shule binafsi, ofisi zenye vyoo sita kwenda juu. Hao hawaji uani kwako. Hao unawafuata wewe, na siku hizi hodi yenyewe inapigwa kwa meseji, maana ukienda kwa miguu mlinzi anakuuliza una miadi na nani.

Mwaka jana nilijaribu kwa mkupuo. Nikanunua meseji kwa watu wanaotuma kwa wingi, shilingi 20 moja, nikawapa namba 800 nilizookota huku na huku. Nilichoandika ni hiki, nakiweka kama kilivyo:

"Habari. Sisi ni kampuni inayoongoza kwa utengenezaji wa bidhaa bora za usafi kwa bei nafuu. Tuna sabuni ya maji, dawa ya vyoo na ya vioo. Ofisi yako iking’aa, biashara yako inang’aa! Karibu tukuhudumie."

Majibu matano. Wawili waliomba kazi, mmoja alinitukana, mmoja akaandika "nitoe", na mmoja alinunua lita tano, mara moja, hakurudi. Kwa hiyo nilipoona tangazo la darasa la Jumamosi la kufundisha wenye biashara ndogo kuwaandikia wateja wa kiofisi, 75,000 na chai ndani, nililipa siku hiyo hiyo. Sitataja jina la waliofundisha kwa sababu kuna mambo nitawasema, na sitaki mtu aje kugombana nami kwa ajili ya chapati.

Nianze na hizo chapati. Tangazo lilisema saa tatu kamili, tulianza saa nne na nusu. Chumba kipo ghorofa ya tatu maeneo ya Sinza, watu ishirini na wawili, feni moja, nayo inamgeukia mkufunzi. Chai ilikuwa nzuri kweli, chapati moja moja. Choo chao (siwezi kuacha kuangalia, ndiyo kazi yangu) hakikuwa na sabuni.

Asubuhi yote ilikuwa maneno ambayo ningeyasikia bure. Mteja ni mfalme, jiamini, ndoto yako. Tukagawiwa karatasi zenye "mifano kumi ya ujumbe unaouza". Nimezihifadhi, nazisoma nikitaka kucheka. Wa kwanza unaanza, "Natumaini ujumbe huu unakukuta salama. Jina langu ni (jina) kutoka (kampuni) na ninawasiliana nawe kwa sababu." Nani anaongea hivyo? Ukimpigia mama mwenye mgahawa pale Mwenge ukaanza na "ninawasiliana nawe kwa sababu", atadhani unatoka benki unadai mkopo. Mifano yote kumi ina sura hiyo, inaonekana imehamishwa kutoka lugha nyingine na kuvalishwa kanga. Sijatumia hata mmoja.

Halafu umeme ukakatika, na hapo ndipo pesa yangu ilipoanza kurudi.

Projekta ilizima, picha zake zote zikapotea, mkufunzi akabaki na sisi tu. Akasema basi, kila mmoja afungue simu asome kwa sauti ujumbe wa mwisho aliomtumia mtu asiyemjua. Kwa sauti, mbele ya watu. Jamani, kuna mambo mkononi yanapendeza na mdomoni yanatia aibu. Nilifika "kampuni inayoongoza" akaninyooshea mkono.

"Dada, simama hapo. Mnamuongoza nani?"

Nikasema tuko wawili, mimi na mdogo wangu.

"Kwa hiyo unamuongoza mdogo wako."

Chumba kizima kilicheka, na mimi nikacheka. Lakini alichosema baadaye kilikuwa cha maana: mnunuzi wa ofisini anapokea "tunaongoza" tano kwa wiki, na wote hawawezi kuwa mbele. Neno ambalo kila mtu anaweza kulisema halimwambii chochote kuhusu wewe. Akaniuliza, ni kitu gani kwenye ujumbe wako kinaonyesha kwamba umewahi kupita mlangoni kwa huyu unayemwandikia? Hakuna. Ungeweza kuutuma kwa kinyozi. Na kwa kweli namba 800 zile, nina hakika vinyozi walikuwemo.

Kisha akachukua simu yangu, akauweka ule ujumbe kwenye ukurasa wa kuhesabia herufi. Hili nililijua nusunusu, na nusu niliyokosa ndiyo iliyokula hela. Meseji ya kawaida inabeba herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo. Ikizidi hapo inagawanywa vipande vya herufi 153, na kila kipande unalipia. Ila ukichomeka alama moja tu isiyokuwemo kwenye ile orodha ya zamani ya herufi za meseji, basi meseji yote inabadilishiwa mfumo: inabeba 70 tu, na ikizidi inakatwa vipande vya 67. Emoji zinafanya hivyo, hilo nilishalisikia, ndiyo maana sikuweka. Kumbe hata ritifaa, kile kimkia cha juu kwenye "iking’aa", inafanya! Siyo ile iliyonyooka, ile haina neno. Ni ile iliyopinda, ambayo kompyuta inakuwekea yenyewe ukiandikia kwenye programu ya barua halafu ukanakili. Mimi nauza sabuni, bila kung'aa nitaandika nini?

Ujumbe wangu una herufi 202. Kwa ritifaa iliyonyooka ungekuwa vipande viwili. Kwa iliyopinda, vipande vitatu vinabeba 201, kwa hiyo ile herufi moja ya mwisho ilinisukuma hadi cha nne. Meseji 800 mara nne mara shilingi 20: 64,000, badala ya 32,000. Nilikaa pale nikaangalia kile kimkia kilichopinda. Walionitumia hawakuniambia, na sioni kwa nini wangeniambia.

Kulikuwa na mzee mmoja anauza asali ya Tabora kwa hoteli. Huyu aliandika vizuri kuliko sote, ukimsikiliza unaona kabisa mzinga juu ya mti. Skrini mbili nzima za WhatsApp: salamu, pole na majukumu, nyuki, maua ya miombo, jinsi ya kutambua asali iliyochanganywa na sukari, dua. Alipomaliza tulimpigia makofi. Mkufunzi akangoja makofi yaishe, akamuuliza kwa adabu, "Mzee wangu, mtu akimaliza kusoma hapa, unataka afanye nini?"

"Anunue asali."

"Umemwambia wapi?"

Mzee akapandisha skrini, akashusha, akapandisha tena. Hakuna. Alikuwa ameona haya kuomba. Nadhani wengi wetu tuliolelewa vizuri tuna ugonjwa huo, tunazunguka na salamu mpaka chai inapoa. Dawa aliyopewa ni kuomba kitu kidogo ambacho mtu anaweza kukubali akiwa amesimama. Usiombe "ushirikiano wa kibiashara", huo unahitaji kikao. Omba kuacha chupa moja jikoni.

Kwenye salamu tulibishana sana, na hapa sikubaliani na mkufunzi moja kwa moja. Yeye anasema kwenye maandishi "Habari za kazi" inatosha kwa kila mtu, kwa kuwa humuoni mtu na hujui umri wake. Ni kweli, mimi niliwahi kumwandikia afisa manunuzi "Shikamoo bosi", akanijibu "Marahaba bibi" na kicheko, kumbe ni binti wa miaka ishirini na kitu. Lakini wenye lodge wengi wa huku kwetu ni wazee wastaafu, na namba ya kwenye bango ni ya mwenyewe. Huyo ukimpigia, shikamoo inatangulia, hakuna mjadala. Kwenye meseji naanza na "Habari za kazi", akijibu tu nampigia, shikamoo naitoa kwa sauti. Tulichokubaliana wote ishirini na wawili ni hiki: usitume "Habari" peke yake ukakaa kungoja "Nzuri". Mtu wa stoo ana madumu ya kuhesabu. Salamu na shida yako ziende pamoja.

Mengine aliyoyapitia haraka, nami nayapitia haraka. Taasisi za serikali usizisumbue kwa meseji, manunuzi yao yanapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa mtandaoni, tangu ulipochukua nafasi ya ule wa zamani, TANePS, mwaka 2023. Jisajili huko, ufuate tenda. Hotelini usimtafute meneja mkuu, mtafute anayesimamia usafi, maana ndiye anayelalamikiwa vyumba vikinuka. Taja risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, mhasibu wa mteja wako analala vizuri akiiona. Usitume Ijumaa mchana. Alisema pia ukumbushie mara tatu mtu asipojibu. Mimi nakumbushia mara moja, ya pili naiona ni kero, ya tatu ni deni.

Kilichoniudhi kabisa kilikuja saa kumi, tunafunga. Wakatangaza "ofa": orodha ya namba 2,000 za mameneja na wamiliki, majina na namba zao binafsi, 50,000 tu kwa waliohudhuria. Yaani umetufundisha mchana kutwa kwamba ujumbe usio na uso ni takataka, halafu jioni unatuuzia gunia la kutupia takataka. Na siyo adabu tu. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na namba ya mtu ikiwa na jina lake ni taarifa yake. Niliuliza wamezipata wapi, nikajibiwa "ni database yetu". Watu wanane walinunua, niliwahesabu. Mzee wa asali hakununua.

Sasa matokeo, maana ndiyo mnayoyataka. Nilirudi nyumbani nikachukua daftari, nikaanza kupita barabarani kwa bajaji na kwa miguu, naandika ninachokiona na namba iliyoko kwenye bango. Nikamwandikia mmoja mmoja kwa mkono. Huu ulikwenda kwa lodge moja Makumbusho:

"Habari za kazi. Nimeona mmefungua ghorofa ya 2. Natengeneza sabuni ya maji, dumu lita 20 ni 28,000, risiti ya EFD ipo. Naomba niache lita 1 mapokezi Jumanne?"

Herufi 157. Jina langu halikuenea, nikaliacha likae kwenye lebo ya chupa. Sikuandika kung'aa popote. Walijibu baada ya dakika arobaini: "Lete saa 4, umuulize Mama wa usafi." Ghorofa mpya maana yake vyumba vipya, na aliyenijibu alijua nimepita pale kweli, kwa sababu bango la ghorofa ya pili lilikuwa na siku nne tu.

Kwa wiki tatu nimetuma 23. Walionijibu ni tisa. Mmoja aliuliza "nani kakupa namba yangu?", nikamwambia iko kwenye bango lenu la nje, chini ya picha ya samaki, akanyamaza kidogo, akauliza bei. Wanne walipokea lita moja ya kujaribia. Wanaonunua hadi leo ni wawili: ile lodge, madumu matatu kwa mwezi, na zahanati moja, dumu moja. Mwingine alisema sabuni yangu ni nyepesi, na alikuwa sahihi, pipa lile mdogo wangu alizidisha maji. Hilo hakuna darasa la kuandika litakalolirekebisha.

Madumu manne kwa mwezi hayanitajirishi, ila ada ya darasa imeshajilipa. Nikiwapa alama, nusu ya mchana tisa kwa kumi, asubuhi mbili, ile orodha sifuri.

Wiki iliyopita wamenitumia ujumbe kuhusu darasa la ngazi ya pili, 120,000. Unaanza, "Sisi ni taasisi inayoongoza." Nimemwandikia mkufunzi, kwa heshima zote, kumuuliza wanamuongoza nani. Ameniletea kicheko na kunipunguzia hadi 90,000. Bado nafikiria. Ukienda wewe, lile la kwanza linatosha: fika saa nne, kaa upande wa kulia chini ya dirisha, beba sabuni yako ya kunawia, na omba umeme ukatike.